Pumzi ya Msimamizi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, binti wa fundi seremala alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Alivuka ua mdogo uliotenganisha nyumba na karakana ya baba yake, akasukuma mlango mzito wa mbao, akaondoa shuka kuukuu lililofunika tundu la kasuku, halafu akaanza kuzozana na ndege huyo kama watu wanavyozozana na ndugu zao.

"Umeamka?" angeuliza.

"Pima tena," kasuku angemjibu.

Ndiyo maana walimwita kasuku huyo Msimamizi. Alikuwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu na macho ya kudharau, na umri wake ulimzidi binti huyo kwa mbali. Baba alimpata kwa fundi mzee aliyemfundisha kazi. Mzee yule alipostaafu alimwachia mwanafunzi wake randa mbili, msumeno mmoja na kasuku. Kila baba aliponyanyua msumeno, Msimamizi alisema, "Pima tena." Mteja akianza kuomba apunguziwe bei, Msimamizi alicheka kicheko kirefu cha shangazi wa binti huyo, kile cha kushika kiuno, hadi mteja akajisahau na kulipa bei iliyotajwa.

Binti mwenyewe walimwita Jicho. Nyumbani na shuleni jina lilikuwa hilo hilo, kwa sababu hakuna kilichompita. Sindano ikipotea kwenye zulia, yeye ndiye aliyeiona. Mwalimu akija na soksi zisizofanana, yeye ndiye aliyegundua, ingawa alikuwa na adabu ya kutosha kunyamaza.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua, Jicho alipoondoa shuka na kuuliza, "Umeamka?" aligundua mara moja kwamba kuna jambo. Msimamizi hakujibu. Alikuwa amejikunyata kwenye kijiti chake, manyoya yamesimama kama koti lililovaliwa kwa haraka. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mtu aliyeshangilia mpira kutwa nzima.

Jicho hakumgusa. Alisimama tu akamtazama. Msimamizi alikuwa ametulia, hajaruka wala hajakimbizwa, lakini mkia wake haukutulia. Kila alipovuta pumzi, mkia ulishuka, alipoitoa, ukapanda. Juu, chini, juu, chini, kama mpini wa pampu ya baiskeli.

"Baba," aliita, "njoo umwone Msimamizi. Anapumua kwa mkia."

Baba alikuwa akichanganya vanishi na tina, ile dawa kali ya kuizimulia, kwenye kopo kubwa. Alikuwa na kazi iliyomkaa shingoni: vitanda vya bweni la chuo, ambavyo mkuu wa bweni alivitaka kabla wanafunzi hawajafungua. Kwa sababu ya haraka hiyo alikuwa amenunua mashine ya kupulizia vanishi, na kwa sababu ya mvua alikuwa akipulizia mle mle ndani, milango imefungwa ili vitone vya maji visiharibu kazi.

Alikuja akiwa bado ameshika kijiti cha kukorogea, akatazama, akasema, "Mafua tu haya. Mvua kama hii, nani hana mafua? Hata mimi ninayo." Kisha akakohoa, kikohozi kirefu kilichomfanya aegemee meza ya kazi.

"Lakini mkia wake, baba."

"Mkia ni wake, mwache autikise. Haya, shuleni. Kengele haikungojei."

Jicho alienda, lakini moyo ulibaki karakana.

Wakati wa mapumziko alimsimulia rafiki yake mkubwa, msichana wa darasa lake aliyeitwa Redio kwa sababu ukimwasha, kumzima ni kazi. Redio alisikiliza huku akimenya chungwa.

"Kuku wetu alianza hivyo hivyo," alisema. "Akaacha kula, akapumua mdomo wazi, akakaa pembeni peke yake."

"Kisha?"

"Kisha tulimla."

Jicho alimtazama kwa jicho baya.

"Basi usininunie," Redio alisema haraka. "Nyuma ya soko kuna kliniki ya mifugo. Mama alipeleka paka wetu pale akapona, mpaka leo anaiba samaki. Tukitoka shule twende tukamwulize daktari. Kuuliza si bure?"

Walipofika kliniki walimkuta daktari wa mifugo, mama mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, akishona sikio la mbuzi. Mbuzi alikuwa akilalamika kuliko jeraha lenyewe. Daktari aliwaambia wangoje, akamaliza mshono wake bila haraka, akanawa mikono, ndipo akawakabili.

"Haya, nani anaumwa?"

Jicho alieleza. Hakuongeza chumvi. Alisema alichokiona: sauti imekwaruza, manyoya yamesimama, mkia unapanda na kushuka wakati ndege ametulia.

Daktari aliacha kujifuta mikono. "Nani alikufundisha kumtazama akiwa ametulia?"

"Hakuna, Daktari. Nilimwona tu."

"Basi umeona vizuri. Ndege akishatoka kuruka, kuhema ni kawaida. Lakini akiwa amekaa kimya, mdomo unatakiwa uwe umefungwa na mkia utulie. Mkia ukicheza kwa kila pumzi, maana yake kupumua kumekuwa kazi kwake. Na jambo moja mjue. Ndege huficha ugonjwa. Huko porini, anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa wa kwanza, kwa hiyo hujikaza mpaka ashindwe. Ukiona dalili ujue amevumilia siku nyingi. Anaishi wapi huyo kasuku?"

"Karakana kwa baba. Baba ni seremala."

"Anapulizia vanishi mle ndani?"

Jicho aliinama. "Ndiyo."

"Mtoeni huko leo hii. Mapafu ya ndege ni madogo, lakini yanachukua hewa kwa bidii kuliko yetu, na kama hewa ina sumu, yanachukua na sumu hiyo. Mwambie baba yako amlete nimpime. Na akizidiwa, akipumua mdomo wazi, akinyoosha shingo juu, au akishuka kukaa sakafuni kwa tundu, hapo msingoje mtu wala kesho. Mwondoeni kwenye harufu, mpeni hewa safi na joto la kiasi, msimpigie kelele, mje hapa."

"Tumpe maji?" Redio aliuliza.

"Maji yawekwe kwenye kikombe chake, akitaka atakunywa. Msimmiminie chochote mdomoni, kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Wala msimkumbatie. Ndege hupumua kwa kutanua kifua. Ukimbana kifua kwa mapenzi, umemziba pumzi kwa mapenzi."

Jioni hiyo Jicho alimweleza baba kila neno. Baba alimsikiliza, maana hakuwa mtu wa kumpuuza mwanawe, ila akili yake ilikuwa kwenye vitanda.

"Kesho napeleka vitanda vya kwanza chuoni," alisema. "Nikirudi nitampeleka mwenyewe. Lakini huyu ndege amekulia kwenye vumbi la mbao, binti yangu. Akikaa peke yake ndani atanuna."

"Akae hata sebuleni, baba. Usiku huu tu."

Shangazi alikuwa akikunja nguo mlangoni. Yeye alikuwa dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyeshika nyumba tangu mama alipoondoka kwenda kumuuguza bibi. "Sebuleni kwangu?" alisema. "Anitapakazie maganda ya mbegu kwenye makochi niliyoyafua jana? Na anicheke mbele ya wageni wangu? Hapana."

Mwishowe walikubaliana tundu lisogezwe kwenye dirisha la karakana, na dirisha libaki wazi. Jicho aliona hayo ni nusu ya alichoambiwa na daktari, lakini usiku ulishaingia na wakubwa walishaamua. Alilala kwa shingo upande.

Kesho yake alitoka shuleni akitembea kwa kasi hadi Redio akabaki nyuma akilalamika kwamba viatu vyake havikutengenezwa kwa mbio. Mvua ilikuwa ikinyesha. Lango la uani lilikuwa wazi, na alama za magurudumu ya lori zilijaa maji: baba na mafundi wenzake walishaondoka na vitanda. Jicho alitupia macho dirisha la karakana.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mtu alikuwa amelifunga ili mvua isilowanishe vitanda vilivyobaki, vilivyopuliziwa asubuhi ile ile.

Alipofungua mlango, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Macho yalimchoma. Msimamizi alikuwa chini kabisa ya tundu, juu ya maganda ya mbegu, mabawa yamelegea kidogo, shingo imenyooka, mdomo wazi. Kila pumzi ilitoka na sauti ndogo ya kukwaruza, na mwili mzima ulitikisika nayo.

Jicho alitamani kulia, lakini kulia kungechukua muda. Alivuta pumzi nje ya mlango, akaibana, akaingia, akabeba tundu kwa mikono miwili bila kulitikisa, akatoka nalo. Hakwenda barazani, kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa baridi. Alikwenda moja kwa moja sebuleni kwa shangazi, akaliweka juu ya meza, akafungua dirisha la mbali na karakana.

Shangazi alitoka jikoni akiwa tayari kugomba. Alipomwona ndege, alisogea karibu.

"Masikini," alisema kwa sauti ndogo. "Amebanwa." Aliingia chumbani haraka na kurudi na chupa ya dawa ya kuchua, ile yenye harufu inayofungua pua hata za jirani. "Mlete nimpake kifuani. Na nimchemshie maji ya tangawizi, tumpe kwa kijiko. Mimi nimelea watoto wenye vifua, najua."

Jicho alisimama kati ya shangazi na tundu. Hakuwahi kumkatalia shangazi jambo, hata sahani ya pili ya chakula.

"Shangazi, naomba usinikasirikie," alisema. "Harufu kali ndiyo iliyomwangusha. Dawa hiyo itamwongezea. Na daktari alisema tusimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye njia ya hewa. Tukimshika kifua, hatapumua."

"Unanifundisha mimi uuguzi?"

"Hapana, Shangazi. Watoto umewauguza wengi, nami nikiwa mmoja wao. Lakini huyu ni ndege. Alisema akipumua mdomo wazi tusingoje, tumpeleke."

Redio, ambaye alikuwa ameingia na kusimama mlangoni akichuruzika maji, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno.

Shangazi alimtazama mtoto, akamtazama ndege. Kisha aliziba chupa. "Mpigie baba yako."

Walipiga. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Huko kwenye lori, katikati ya vitanda vinavyogongana, nani angesikia? Walipiga tena, hali ikawa ile ile.

"Bila ruhusa yake tutafanyaje?" shangazi alijiuliza mwenyewe. Halafu akavua kanga ya jikoni na kujifunga nyingine. "Ruhusa nitaitoa mimi. Nilimbeba huyo baba yako mgongoni kabla hajajua kushika nyundo. Redio, kimbia barabarani ukatusimamishie teksi. Midomo uliyonayo leo ina kazi."

Redio aliruka kama risasi. Jicho alifunika pande tatu za tundu kwa shuka jepesi ili ndege asiogope wala asipigwe na upepo, upande mmoja akauacha wazi upitishe hewa. Walipotoka nje, teksi ilikuwa langoni, na dereva alionekana kama mtu aliyesimamishwa na kikosi cha polisi.

Jicho alipofungua mlango wa gari, alirudi nyuma. Kwenye kioo cha mbele kulining'inia kichupa cha manukato, na gari zima lilinukia kama duka la sabuni.

"Mjomba, samahani," alimwambia dereva. "Mgonjwa wetu hawezi kuvuta manukato. Unaweza kukitoa kile kichupa?"

"Mgonjwa yupi?"

Jicho aliinua ncha ya shuka.

Dereva aliangalia, akakuna kichwa, kisha akakitungua kichupa na kukiweka nyuma kwenye buti. Alishusha vioo nusu. "Nimewahi kubeba wajawazito, bibi harusi na hata mtu mwenye nyoka kwenye gunia," alisema akiwasha gari. "Leo Mungu ameona nibebe na kasuku. Shikeni vizuri, sitapita kwenye mashimo."

Na kweli hakupita. Njia nzima Jicho alikaa na tundu mapajani, akihesabu moyoni si dakika bali pumzi, kila moja akiishukuru ilipokuja.

Daktari alipoliona tundu hakuuliza maswali mlangoni. Alilichukua, akamhamisha Msimamizi kwa taulo laini na mkono mwepesi, akamwingiza kwenye sanduku la kioo lenye joto lililounganishwa kwa mpira na mtungi wa oksijeni. Kisha akafungua mtungi, gesi ikaanza kuingia kwa sauti ya kuvuma taratibu.

"Sasa nimwache apumue kwanza," alisema. "Wengi hutaka nimchome sindano hapo hapo. Akishikwashikwa sasa hivi anaweza kutufia mikononi. Niambieni, jana nilisema atolewe karakana; leo amevuta nini?"

Shangazi aliwahi kujibu. "Hali ya hewa tu, Daktari. Baridi hii."

Jicho alielewa kwa nini shangazi amesema hivyo. Hakutaka ndugu yake aonekane mzembe mbele ya watu. Yeye pia hakutaka. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu akingoja, na mle ndani ya kioo Msimamizi alikuwa bado amefungua mdomo.

"Si baridi, Daktari," alisema. "Ni vanishi na tina. Baba alipulizia vitanda asubuhi, na dirisha lilifungwa kwa sababu ya mvua. Tundu lilikuwa mle ndani kutwa. Kabla ya leo amekuwa akipulizia humo humo tangu mvua zianze."

Shangazi aliangalia pembeni, lakini hakubisha.

"Umenisaidia sana," daktari alisema. "Ningedhani mlimtoa jana na haya ni mafua, ningempa dawa ya mafua na tungepoteza muda. Sasa najua napigana na nini." Aliandaa dawa ya kugeuzwa mvuke mwembamba, akaipitisha kwenye mpira ule ule ili ndege aivute bila kushikwa.

Walikaa kwenye benchi. Redio alinyamaza muda mrefu hadi shangazi akamgusa paji la uso kuhakikisha haumwi. Mvua ilikatika. Taratibu, kwa namna ambayo mtu mwingine asingeiona, mkia wa Msimamizi, ule mpini wa pampu, ulipunguza mwendo.

Baba aliingia akiwa na vumbi la barabarani, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amekuta simu zisizojibiwa, akapiga, shangazi akamwambia waliko. Alitaka kusema jambo, labda la kuuliza nani aliwaruhusu, lakini kikohozi kilimwahi. Alikohoa ameinama, mkono mmoja ukutani.

Daktari alimngoja amalize. "Kikohozi hicho kimeanza lini?"

"Hiki? Vumbi tu, Daktari."

"Kimeanza mashine ya kupulizia ilipoingia karakana?"

Baba alijifuta mdomo. Alikisogelea kioo. Alimtazama ndege aliyekaa naye kazini miaka yote ile, akauona mkia ukipanda na kushuka, na safari hii hakusema ni wake autikise.

"Mimi ni daktari wa wanyama," yule mama alisema kwa upole. "Wewe siwezi kukutibu. Lakini wewe na huyu ndege mmevuta hewa moja. Yeye ni mdogo, kwa hiyo ameanguka kwanza. Kesho nenda hospitali ukapimwe kifua."

Baba alikaa kwenye benchi karibu na binti yake. "Nani aliyejua kwamba amezidiwa?"

"Mimi, baba. Alikuwa chini ya tundu, mdomo wazi. Nimemwambia daktari kuhusu vanishi. Kama nimekuaibisha, nisamehe."

Baba alimwekea mkono begani, mkono mzito wenye ngozi ngumu kama msasa, na hakuuondoa mpaka walipoondoka.

Msimamizi alibaki kliniki. Kila alasiri Jicho na Redio walipitia huko, na kila alasiri habari ilikuwa nzuri kuliko ya jana: amefunga mdomo, amepanda kwenye kijiti, amekula kipande cha papai, amemng'ata daktari. Hilo la mwisho daktari alilitangaza kwa furaha, akionyesha kidole kilichofungwa bandeji.

Nyumbani nako mambo hayakulala. Baba alikwenda hospitali. Walimpiga picha ya kifua, wakamwambia njia zake za hewa zimevimba kwa mivuke ya vanishi, ila amewahi. Angechelewa miezi michache zaidi, isingekuwa habari ya dawa na mapumziko tu. Aliporudi alimpigia simu mkuu wa bweni, akamweleza ukweli kwamba vitanda vilivyobaki vitachelewa.

"Fundi, wanafunzi walale juu ya vitabu?" mkuu wa bweni aliuliza.

"Nipe wiki moja tu, mama. Sitapulizia tena ndani ya chumba kilichofungwa. Kasuku wangu yuko hospitali, na mimi ninatoka huko huko."

Mkuu wa bweni akasema vitanda vya kwanza vimempendeza, na kwamba angependelea fundi mzima kuliko kitanda cha haraka.

Katika wiki hiyo baba na mafundi wenzake walijenga banda nyuma ya karakana, paa juu na pande zote wazi, mahali pa kupulizia tu. Walinunua barakoa zenye vichujio vya mivuke, si vitambaa vya kufunga puani. Na kwa sababu vanishi ilikaukia kwenye hewa inayopita, vitanda vilitoka vinang'aa hadi mtu angeweza kujitazama na kuchana nywele. Mkuu wa bweni alipovipokea alizunguka kila kimoja akitafuta kasoro, akakosa, akaagiza na meza za kusomea.

Siku Msimamizi aliporudi nyumbani, hata dereva wa teksi alikuwepo. Alikuwa ameomba aitwe yeye na si mwingine, na kichupa chake cha manukato alikiacha nyumbani kwake. Shangazi alikuwa ameondoa kochi moja sebuleni ili tundu lipate nafasi karibu na dirisha. Alipoulizwa kuhusu maganda ya mbegu alisema maganda yanafagilika.

Wote walikaa wakingoja kasuku aseme neno. Alinyoosha bawa moja, kisha la pili. Manyoya yalilala sawasawa, mdomo umefungwa, mkia umetulia tuli. Aliwatazama kwa dharau yake yote ya zamani. Halafu, kwa sauti safi iliyofika hadi barabarani, akasema, "Anayefuata."

Redio akaanguka kwenye zulia kwa kicheko. Ilikuwa sauti ya daktari mwenyewe, ile aliyokuwa akiwaitia wagonjwa kutwa nzima.

"Anayefuata," Msimamizi alirudia, na shangazi akacheka akishika kiuno, na kasuku naye akamwigiza pale pale, hata haikujulikana nani anacheka na nani anaigiza. Baba alicheka pia, kicheko kirefu cha tumboni, na kilipokwisha Jicho akasubiri kikohozi. Hakikuja.

Jioni, wageni walipoondoka, baba alimwita binti yake. Alikuwa amekaa chini ya lile banda jipya, upepo ukipita kati ya mbao.

"Mimi nikiwa chumba kingine naweza kusikia msumeno ukikata mrama," alisema. "Lakini kifua changu mwenyewe kilikuwa kikilia kila siku, sikukisikia. Wewe ulitazama kiumbe kisichoweza kusema 'naumwa,' ukaelewa. Hilo ni la kwanza ninalotaka ulishike: pumzi si jambo la kungojea kesho, iwe ya ndege au ya mtu. Ukiona mwenzako anahema akiwa amekaa, uliza, na usipojibiwa, uliza tena."

"Ndiyo, baba."

"La pili ni gumu zaidi. Ulimkatalia shangazi yako kwa adabu, ukamweleza daktari ukweli unaonihusu mimi, baba yako, nami sikuwepo hata kujitetea. Ungenyamaza kwa kuniheshimu, Msimamizi angekufa, nami ningeendelea kuvuta vanishi nikiita mafua. Watoto wengi wanafundishwa kwamba heshima ni kunyamaza. Mimi nakwambia heshima ni kusema ukweli kwa maneno mazuri, hasa mkubwa anapokosea. Siku nitakapokosea tena, na nitakosea, uje uniambie."

Jicho alifikiri kidogo. "Hata leo, baba?"

"Hata leo."

"Umeacha kopo la tina wazi pale nyuma yako."

Baba aligeuka, akaliona, akainuka na kulifunika.